Nukta Mbili Kwenye Kitunguu

Karatasi zilikuwa arobaini na moja, na arobaini kati yake zilikuwa na picha moja.

Mwalimu wa baiolojia, ambaye pia ndiye mkuu wa idara, alikuwa ameniachia rundo lile nilifunge kwa kamba na kulipeleka ofisi ya taaluma. Ndiyo kazi ya mtunza maabara: kufunga, kubeba, kuosha, kukaa kimya. Nilianza kuzipitia kwa uvivu tu, jinsi mtu anavyosoma gazeti lililofungiwa vitumbua. Ya tano nikapunguza mwendo. Ya kumi nikarudi mwanzo. Ya ishirini nikaweka kamba chini.

Swali lilikuwa jepesi. Wanafunzi wa kidato cha tano walipewa kila mmoja slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu, iliyotiwa rangi na kubanwa chini ya kioo. Watafute seli moja inayogawanyika. Waichore kama wanavyoiona. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuangalia kitunguu kwa hadubini anajua seli zake zina pembe, zimepangana kama matofali kwenye tanuri. Hawa walichora duara. Duara safi, lililozungushwa kwa kifuniko cha chupa, na ndani yake, juu na chini, nukta mbili nyeusi zenye miale pembeni kama jua analochora mtoto wa chekechea. Nukta hizo ndizo sentrosomu. Arobaini walikuwa nazo, mahali palepale, ukubwa uleule, miale minane kila moja. Wote walikuwa wamepata alama kumi kwa kumi.

Ya arobaini na moja ilikuwa ya binti mmoja wa Lamadi, mtoto wa wauza dagaa, mrefu, mwenye tabia ya kuuliza swali mpaka mwalimu anatamani kengele. Yeye alichora tofali. Ndani ya tofali kromosomu zilikuwa zimevutwa makundi mawili, moja huku na moja kule, mikia yake ikiwa imekunjwa nyuma kama miguu ya mtu anayeburutwa. Ncha zote mbili zilikuwa tupu. Chini yake aliandika kwa penseli: “Ncha zote nimeangalia. Nukta sikuziona.” Mwalimu alimjibu kwa wino mwekundu: sifuri, na neno moja, “Mzembe.”

Sifuri ile haikuwa ya kupuuza. Shule yetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ina utaratibu wake: anayeanguka mtihani wa vitendo wa muhula wa kwanza anaondolewa kwenye kombi ya sayansi na kupelekwa sanaa. Majina hupelekwa taaluma siku ya Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Alikuja mwenyewe baada ya kengele ya mwisho, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Shikamoo madamu.”

“Marahaba. Umekuja kulia?”

“Hapana. Nimekuja kuuliza. Kwenye slaidi yangu, zile nukta zilikuwepo?”

“Lazima ziwepo,” nilimwambia. “Si unaona bango?”

“Bango naliona. Nauliza kitunguu.”

Nilimjibu aende bwenini. Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu bango lile lilikuwa la mkono wangu. Nililichora mwaka nilioajiriwa, kwa kalamu za rangi nilizonunua mwenyewe, na halikuwahi kushuka ukutani, hata siku za mitihani. Arobaini walikuwa wamekaa mbele ya hadubini na kutazama ukuta.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikaitoa slaidi yake kwenye sanduku, nikainama. Niliangalia mpaka kope zikaacha alama kwenye kioo. Nikachukua nyingine, na nyingine. Kromosomu nilizipata tele. Nukta sikupata hata moja. Ndipo nikafungua kabati na kukitoa kile kitabu kinene ambacho panya wamekula pembe zake, nikatafuta picha niliyoinakili miaka ile. Niliipata. Duara, nukta mbili, miale. Chini yake yalikuwepo maelezo ambayo sikuwahi kuyasoma: seli ya mnyama. Na ukurasa uliofuata ulisema wazi kwamba mimea kama kitunguu haina kitu hicho kabisa.

Nilikuwa nimechagua picha ile kwa sababu ilipendeza kuliko ya mmea. Kisha juu yake nikaandika KITUNGUU kwa herufi kubwa, kwa sababu vitunguu ndivyo tulivyokuwa navyo stoo.

Nieleze sentrosomu inafanya nini, maana jioni ile ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza, baada ya kuipaka rangi na kuipangusa vumbi miaka tisa. Nilikulia Mwamapalala, na huko tulipanda pamba kwa kamba. Watu wawili wanashika mambo, vile vigingi vya miti, mmoja anakwenda mwisho huu wa shamba, mwingine mwisho ule, wanachimbia, wanakaza kamba, na wengine wanapanda wakiifuata. Mambo zikikaa vibaya, shamba zima linakwenda mshazari. Seli ya mnyama inagawanyika hivyohivyo. Ina sentrosomu moja. Kabla ya kugawanyika inatengeneza ya pili. Hizo mbili zinaachana, kila moja inakwenda upande wake, na kutoka kwenye kila moja nyuzi zinanyooka kwenda kuzishika kromosomu. Kisha nyuzi zinavuta. Kila seli mtoto inapata fungu lake, na mambo moja ya kuanzia maisha. Zikitokea tatu badala ya mbili, kromosomu zinavutwa pande tatu na zinachanika ovyo. Kitabu kilisema seli za saratani hukutwa hivyo mara nyingi. Kitunguu hakina mambo. Nyuzi zake hujikusanya zenyewe, jinsi bibi yangu alivyokuwa akipanda mistari iliyonyooka kwa jicho tu na kuwacheka wenye kamba.

Na kulikuwa na sentensi nyingine niliyoisoma mara mbili: kwa wanyama wengi yai hupoteza sentrosomu yake, na inayokuja kuanzisha kazi huletwa na mbegu ya dume.

Asubuhi ya Jumanne nilimfuata mwalimu ofisini chai ikiwa inamiminwa.

“Mwalimu, kitunguu hakina sentrosomu.”

Hakuinua kichwa. “Mwongozo wa kusahihisha unasema nukta mbili. Nukta mbili, alama nne.”

“Mwongozo umeuandika wewe.”

“Kutoka kwenye bango.”

“Bango nimelichora mimi. Nilikosea. Nilinakili seli ya mnyama.”

Hapo aliinua kichwa. Alinitazama kama mtu aliyeona mende kwenye sahani ya mwenzake, si yake. “Dada wa maabara,” alisema taratibu, “nani mwingine anajua?”

Swali lile ndilo lililonichafua roho. Hakuuliza kama ni kweli. Alikuwa na miwani mizuri, shahada, na kijiko cha sukari mkononi, na alichotaka kujua ni nani mwingine anajua.

“Yule binti anajua,” nilisema. “Na taaluma watajua nikiwaandikia kwamba bango lilikuwa ukutani wakati wa mtihani na watoto arobaini wamelinakili. Mtihani mzima umeharibika.”

“Utajimaliza mwenyewe.”

“Najua.”

Alikoroga chai yake muda mrefu. “Haya. Warudie. Alhamisi mchana. Lakini ukitaka nukta za kweli leta mnyama wa kweli. Kwa vitunguu sirudii kitu. Mnyama gani utamkamata akiwa anagawanyika, eh? Utamchinja mbuzi wa mkuu wa shule?” Walimu wawili waliokuwa dirishani walicheka. Alijua, nami nilijua, kwamba stoo haikuwa na kitu chochote cha mnyama isipokuwa fuvu la mbwa.

Lakini kitabu cha panya kilikuwa kimetaja mnyama. Kilisema watu wa kwanza kuitazama sentrosomu vizuri waliiona kwenye mayai ya mnyoo mkubwa wa tumboni, yale ya jike lililokwisha kupandwa.

Nyuma ya soko, ukipita mabanda ya kitimoto, kuna sehemu wanapochinjia nguruwe. Nilifika na ndoo yenye kifuniko na chupa ya maji ya chumvi. Siku hiyo hakukuwa na upepo. Harufu ilikuwa imesimama kama ukuta: damu iliyochacha, nywele zilizounguzwa, kinyesi, na juu ya hayo yote harufu ya mafuta yanayokaangwa hatua ishirini tu kutoka pale, ambako watu walikuwa tayari wamekaa wakisubiri nyama yao. Nzi walikuwa hawaruki. Walikuwa wanatembea tu, wameshiba. Mfereji uliotakiwa kupeleka uchafu mbali ulikuwa umeziba, na mtu alikuwa ameweka ubao juu yake ili wateja wavuke bila kulowa.

Mchinjaji alikuwa mzee wa makamo mwenye buti za mpira, kifua wazi. Alinisalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, baba. Mhola?”

“Mhola duhu. Unataka paja au mbavu?”

“Nataka minyoo.”

Alidhani sikumsikia. “Paja au mbavu?”

“Minyoo ya utumbo, baba. Ile mirefu. Iliyo hai.”

Aliweka kisu chini, akawaita wenzake waliokuwa wanapakia. “Njooni msikie! Nyama anaacha, anataka wadudu! Mayu, kwako mnakula na ugali au na mchele?”

“Na viazi,” nilisema, maana ukikasirika pale umekwisha.

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Lakini yule mzee alipoacha kucheka alipata aibu kidogo, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesema kweli kitu ambacho hawakitaji mbele ya wateja. Aliuvuta utumbo kutoka kwenye beseni, akaupasua kwa kidole gumba bila kutazama, jinsi mtu anavyofungua ganda la mhogo. Walikuwemo. Walikuwa wamejaa. Weupe wenye uwekundu wa mbali, wanene kama penseli, wengine warefu kama rula ya shule, wamesokotana, na walipoguswa na hewa walianza kujinyoosha polepole kama wanaoamshwa usingizini. Utumbo ule ulikuwa unakwenda kuoshwa na kuuzwa. Aliutikisa juu ya ndoo yangu na wakaanguka kwa kishindo cha kitu chenye unyevu. Kisha akaniletea mnyoo mwingine, mmoja tu, kutoka kwa nguruwe wa pili. Nilimweka kwenye chupa ya pembeni, maana nimezoea kutochanganya vitu ambavyo sijui vimetoka wapi.

“Hao wanakwenda wapi?” aliniuliza.

“Shuleni. Watoto wajifunze.”

“Wajifunze nini kwa minyoo? Si wanayo wenyewe!”

Kijana wa pikipiki alikuwa ametazama yote hayo akiwa amekaa juu ya tangi. Nilipopanda na ndoo mapajani alizima injini.

“Mayu, samahani. Hiyo si dawa ya mtu?”

“Ni kazi ya shule.”

“Maana kama unampelekea mganga, mimi sipiti njia ya kwetu.”

Ilibidi nifungue kifuniko, aone kitabu cha mwanafunzi nilichokuwa nimekiweka juu. Aliona pia kilichokuwa chini ya kitabu. Alitema mate upande, akawasha, na hakusema neno mpaka getini.

Binti alikuja baada ya vipindi. Nilikuwa nimeshavaa glavu mbili mbili na nimefunga khanga puani, maana minyoo ile ikipasuliwa hutoa mvuke mkali unaochoma macho kama kitunguu na kuwasha ngozi. Nilikuwa nimesimama na wembe dakika kumi bila kuanza. Alitazama sinia, akavaa glavu, akaninyang’anya wembe kwa heshima.

“Jike ni yupi, madamu?”

“Mkia ulionyooka. Dume mkia umepinda kama ndoana.”

Aliwatenga kwa kidole, huyu huku, huyu kule, kama anapanga dagaa. Kisha akampasua jike wa kwanza toka kichwani hadi mkiani kwa mstari mmoja, akamfunua, akaitoa mirija miwili mieupe iliyojikunja humo ndani kama uzi uliochanganyikana. Maji yake yalimrukia usoni. Alijifuta kwa bega.

“Huoni kinyaa?” nilimuuliza. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka nje mara moja.

“Naona. Kwani sato akioza ananukia?” Akaendelea kukata. “Madamu, wakinipeleka sanaa nitarudi Lamadi. Baba amesema. Amesema kama ni kusoma mashairi, hata kwenye mtumbwi yanasomeka.”

Tuliyakamua mayai kwenye maji yenye dawa kidogo ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, ambayo huyavua ganda la nje lenye vinundu na kuyaacha angavu. Tukayaosha, tukayaweka kwenye sahani ya kioo, tukafunika, tukaandika namba moja. Ya yule mnyoo wa chupa tukayaweka sahani namba mbili. Nilimlazimisha anawe mpaka kwenye viwiko kwa sabuni mara tatu, maana mayai yale yakiingia mdomoni yanajua njia.

Jumatano hakuna kilichotokea. Alhamisi saa nne asubuhi niliweka tone la sahani namba moja chini ya hadubini, nikapunguza mwanga, nikasubiri jicho lizoee.

Nitasema nilichoona na si zaidi. Kila yai lilikuwa limejaa chembechembe, kama uji wa mtama. Kwenye mengine chembechembe hizo zilikuwa zimesogea na kuacha sehemu mbili za wazi, mviringo, zikitazamana, na kuzizunguka chembe zilikuwa zimepangana kwa mistari. Nukta nyeusi hazikuwepo. Palikuwa na uwazi, kama pale mambo inapochimbiwa na udongo ukasukumwa pembeni. Niliacha kazi zote nikabaki na yai moja. Taratibu sana likaanza kubonyea katikati. Likawa mawili. Nilikuwa nimeinama kwenye uchafu wa utumbo wa nguruwe na sijawahi kuona kitu kilichopangwa vizuri namna ile.

Sahani namba mbili ilikuwa imelala vilevile kama Jumanne. Mayai marefu, yasiyo na umbo, chembe zimejaa hadi ukingoni. Nikaelewa: yule jike alikuwa peke yake ndani ya nguruwe wake. Hakuwahi kukutana na dume, kwa hiyo hakuna aliyemletea mambo ya kuchimbia. Mayai yale yangeweza kukaa mpaka Krismasi. Niliisogeza sahani pembeni.

Bango nililishusha kwa mikono yangu. Taaluma walikuwa wameshapata maelezo yangu, na barua yangu ya onyo kwa kosa la bango ilikuwa imekwisha kuchapwa. Niliisaini saa sita, ikaingia kwenye faili langu. Saa nane wanafunzi wakaingia.

Kelele zao nazikumbuka. “Madamu, yanatembea?” “Mimi sishiki, dini yangu hairuhusu nguruwe.” “Hushiki nguruwe, unashika mnyoo.” “Mnyoo amekula nguruwe, ni yuleyule!” Mmoja alitoka kutapika kweli, akarudi akiwa na macho mekundu. Niliweka matone harakaharaka, meza kwa meza, na katika haraka ile, sahani ya kwanza ilipokauka, mkono ukachukua ya pili. Slaidi tatu za meza ya mwisho. Niligundua wakati zimeshawekwa na mwalimu amekwisha kusema “Anzeni.” Msimamizi haruhusiwi kugusa chombo baada ya neno hilo. Meza ya mwisho alikaa binti wa Lamadi, katikati ya wavulana wawili.

Swali lilikuwa lilelile: yai moja, kama unavyoliona.

Nilizunguka. Wachache walikuwa wameinama kweli, mmoja akinong’ona peke yake, “Linabonyea, linabonyea.” Wengine walitazama mara moja, wakakunja uso, wakavuta karatasi na kuchora walichokuwa wamekariri bwenini usiku. Ukuta ulikuwa mtupu, lakini bango lilikuwa limekwisha kuhamia vichwani. Duara. Nukta mbili nyeusi. Miale minane. Chini ya pua zao kitu chenyewe kilikuwa kinatokea, hai, na walikuwa wanakizuia kwa kiwiko kisichafue karatasi.

Kwenye meza ya mwisho wavulana wawili walichora hivyo. Vizuri sana. Kati yao binti alikuwa amemaliza na ameweka penseli chini. Alikuwa amechora yai refu, lililojaa chembe, bila uwazi wowote. Aliandika: “Halijagawanyika. Ncha hazipo.”

Nilisimama nyuma yake. Alijua vizuri kuliko wote mle ndani jinsi picha inayotakiwa ilivyo. Alikuwa ameyatoa mayai yale kwa wembe wake. Zilibaki nukta mbili tu za kuongeza, na penseli ilikuwa palepale.

Mwalimu alisahihisha papo hapo, meza kwa meza, ili majina yawe tayari kesho yake. Alifika kwake. Alitazama karatasi, kalamu nyekundu ikiwa wazi.

“Tena?” alisema.

“Ndiyo, mwalimu.”

“Tumerudia mtihani mzima kwa ajili yako, tumenuka minyoo siku tatu, na bado huoni?”

“Kwenye hili hazipo, mwalimu. Angalia.”

Hakuna aliyewahi kumwambia aangalie. Alivua miwani, akaishika mkononi, akainama. Niliona shingo yake, kola imechakaa kwa ndani, na jinsi alivyoshindwa kwanza kujua gurudumu la kusogeza lenzi linazungushwa upande gani. Binti alinyoosha mkono akamzungushia. Alikaa pale muda mrefu. Alisogeza slaidi kidogo, akatafuta yai jingine, na jingine.

“Hazipo,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama anajiambia.

Akaandika kumi kwa kumi. Binti alivuta pumzi, akaweka kiganja juu ya karatasi kana kwamba upepo ungeichukua. Kombi yake imebaki. Yuko kidato cha sita sasa, na bado anauliza mpaka kengele.

Mwalimu alivaa miwani, akasogea hatua moja kwa mvulana wa kulia. Hadubini yake ilikuwa na tone la sahani ileile, mayai yaleyale yasiyo na kitu. Hakuinama. Alitazama duara, nukta, miale, akaweka vema, akaandika kumi kwa kumi. Akahamia kwa wa kushoto. Kumi kwa kumi.

Binti aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli wangu wiki ile na nilikuwa nimelipa kwa barua. Nikiongeza neno moja, vijana wawili wangeondoka kwenye kombi kesho yake, na mwalimu angeulizwa amesahihisha nini miaka yote. Niliinama kwenye meza ile, nikaokota slaidi tatu kabla hawajasimama, nikazipeleka kwenye sinki na kuzisugua kwa sabuni mpaka hakikubaki kitu cha mtu yeyote kuangalia.